Betri za Boti ya Wagonjwa

Taarifa ya hospitali ilikuwa ya ukurasa mmoja, imechapwa safi, imegongwa muhuri juu na chini kana kwamba ukweli huongezeka kwa wino. Ilisema mwalimu wa chekechea mwenye pumu, aliyekuwa akivushwa kwenda hospitali ya rufaa ng'ambo ya maji, alifariki njiani kwa sababu nahodha wa boti ya wagonjwa alizembea kutunza betri. Mwisho iliomba sheria ichukue mkondo wake.

"Nani kaiandika?" Inspekta akauliza.

"Bwana Utawala wa hospitali," Koplo akamjibu. "Boti yake, betri zake, uchunguzi wake. Kesi ya nyani, hakimu ngedere."

"Na hapa kituoni nani kaisoma kabla ya kumsukumia mtu mahabusu?"

Koplo akatazama dari. Inspekta hakusubiri dari imjibu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye hatua za mtu anayewahi jungu lisiungue. Kabla ya kuvaa sare alikuwa amesomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, na mpaka leo mkobani mwake, baina ya kanga na vidonge vya kichwa, alitembea na mita ya kupimia umeme. Wenzake walimcheka kwa hilo. Yeye alicheka nao, kisha akaendelea kuibeba.

"Niletee nahodha."

Nahodha aliletwa akiwa peku, mkono mmoja umeshika suruali maana mkanda walimvua. Mtu wa miraba minne, lakini bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na alipoketi alilalia upande huo kama nyumba iliyoliwa na mchwa.

"Fungua viganja, baba," Inspekta akasema.

Akavifungua. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuacha nyama nyekundu.

"Kasia?"

"Kasia, Mama. Mimi na muuguzi. Mpaka wavuvi walipotuona wakatuvuta."

"Anza mwanzo. Usiniruke hata kidogo."

"Nilitazama saa ya betri, ile ya kuonyesha chaji, pale mbele ya usukani. Tunazo mbili. Moja ya kuwashia mashine, ya pili ya mgonjwa: mashine ya oksijeni, redio ya kuitia msaada, taa. Zote mbili zilikuwa kijani, zimejaa. Nikawasha kwa ufunguo, ikaitika mara moja. Tukaondoka. Katikati ya maji, wavu mbovu uliotupwa ukajisokota kwenye rafadha. Hapo lazima uzime mashine, Mama. Ukikata wavu rafadha ikizunguka, vidole utavisahau humo humo."

"Ukazima."

"Nikazima, nikainama nyuma nakata. Sijafika popote, nikasikia mashine ya oksijeni inalia. Muuguzi akapiga kelele, 'Kaka, imezimika!' Nikageuza swichi, nikaunganisha betri zote mbili zisaidiane. Ikawaka. Ikazima tena. Nikarudi kwenye ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Redio nayo bubu. Nikavuta kamba ya dharura mpaka bega likatoka mahali pake, lakini mashine kubwa ile si ya kuvuta kwa mkono wa mtu mmoja."

Inspekta akaivuta karibu ile karatasi ya hospitali.

"Taarifa inasema ulikuwa ukipiga muziki, ukamaliza betri."

"Nilipiga. Aliomba mwenyewe yule mwalimu. Alisema akisikia wimbo anasahau kuhesabu pumzi zake."

Koplo aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu.

"Betri zenyewe ulizikagua lini kwa macho yako?"

"Hizi mpya? Sijawahi. Zilifungwa nikiwa likizo. Niliporudi nikakuta kisanduku chake kimetiwa kufuli. Nikaambiwa wizi umezidi, funguo ziko mbili tu, moja kwa Bwana Utawala, nyingine kwa fundi wa gati. Mimi nitosheke na saa."

"Yaani ulikabidhiwa roho za watu," Inspekta akasema taratibu, "ila kisanduku cha betri hukuaminiwa."

Akachukua mkoba wake, akamwashiria Koplo waende gatini.

*

Boti ilikuwa imefungwa gatini, nyeupe na mstari wa buluu, imezungushiwa utepe wa polisi. Waya wa kuchaji ulitoka ukutani ukaingia ubavuni mwake; hata baada ya msiba, mtu alikuwa ameichomeka kama kawaida. Mtu huyo alikuwa fundi wa gati, ambaye watu wote walimwita Shoti, kwa sababu ya nywele zake zilizosimama na kwa sababu ya mambo mengine ambayo mwenyewe hakupenda yatajwe. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kinachonuka tindikali. Nje ya mlango palirundikwa betri kuukuu za magari, zimevimba mbavu, nguzo zake zimeota ukungu mweupe.

Koplo alipoliona lile rundo macho yakamwaka. Akamnong'oneza Inspekta, "Afande, tumeshafika. Huyu ndiye mchawi wetu."

"Mchawi hakamatwi kwa kuwa na kibuyu," Inspekta akamwambia. "Shoti, fungua kisanduku."

"Kwa ridhaa ya nani?" Shoti akauliza, akijikuna shingo. "Maana mimi nina wakubwa wangu."

"Nami ninaye mkubwa wangu, anaitwa hasira. Fungua."

Kufuli lilifunguliwa. Inspekta akapiga magoti kwenye sakafu ya boti, akapachika kichwa chini ya kiti. Alikaa huko muda kiasi cha Koplo kuanza kuingiwa na wasiwasi. Betri mbili, kila moja na stika mpya inayong'aa. Mita yake akaigusisha kwenye nguzo: volti kumi na mbili nukta saba. Ya pili vilevile.

"Zimejaa," Shoti akasema kwa kiburi. "Kazi yangu ni kuchaji, na nimechaji."

"Nyamaza kwanza." Akamgeukia Koplo. "Washa redio ya muziki."

Muziki ukalia. Namba ya mita haikutikisika. Koplo akaongeza sauti mpaka wavuvi wa jirani wakageuka. Namba ikabaki pale pale.

"Basi muziki tumeutoa katika orodha ya wauaji," Inspekta akasema. "Zima. Sasa washa mashine ya oksijeni."

Mashine ikanguruma, ikaanza kupumua. Inspekta akamwelekezea Koplo mita ili ashuhudie. Kumi na mbili ikawa kumi na moja. Kumi na moja ikawa kumi. Koplo alikuwa akikunja mikono ya shati lake asogee vizuri. Mkono wa pili haujafika kiwikoni, mashine ikalia kilio chembamba, ikanyamaza. Mita ilisoma nane.

Maji yalipiga ubavu wa boti.

"Umeona?" Inspekta akasema. "Betri iliyozeeka ukiichaji hujaa juu juu. Ukiiuliza ikiwa imepumzika, itakujibu mimi mzima. Itwishe mzigo ndipo utaijua. Saa ile ya usukani haikuharibika, wala nahodha hakukosea kuisoma. Ilionyesha kijani kwa sababu hakuna aliyezitwisha betri mzigo." Akarudisha kichwa chini ya kiti. "Njoo utazame hapa. Nyaya za boti hii zina pete mwishoni. Pete huvikwa kwenye nguzo ya skrubu, ukakaza kwa nati. Hizi betri zina nguzo nene za mviringo, za gari. Pete haiingii. Mtu kazifunga kwa kachumbari ya waya na msumari."

"Kachumbari?" Koplo akashangaa.

"Vipande vipande, vimechanganywa ovyo. Na huu mkanda wa kuzishikilia: alama ya kifungio chake iko mbali kule, maana yake kabla ya hizi zilikaa betri pana zaidi. Sasa wamechomeka kabari za mbao zisiyumbe."

Akaingiza ukucha chini ya stika moja, akaibandua polepole. Chini yake palikuwa na uchafu mkavu wa tindikali, mweusi, wa miaka. Hakuna mtu anayenunua betri mpya ikiwa na uchafu chini ya stika.

Alisimama, akajipangusa magoti, akamtazama Shoti, kisha lile rundo la nje ya karakana, kisha Shoti tena.

"Funguo ziko mbili," akasema. "Leo usiku nitalala nikiwa na mtu mmoja mahabusu. Sijali sana nianze na yupi."

Shoti akaanza kucheka, kisha akaketi kwenye ukingo wa boti.

"Niliambiwa, Mama Inspekta. Bwana Utawala alisema zile mpya kubwa zinapelekwa kupimwa ubora, nimpachikie mbili za muda. Nikachukua hapo nje zile zenye afadhali. Stika alinipa yeye. Alizibandua kwenye zile mpya mbele ya macho yangu. Pikapu ya hospitali ikazibeba, wala sijui zilikokwenda."

"Ulijua hizi zitazima?"

"Nilijua hazina safari ndefu. Nilimwambia! Nilimwambia bosi, hizi zinafaa kuwashia tu, mgonjwa hazimwezi. Akasema mashine ikizunguka si inachaji yenyewe? Na mashine haizimwi njiani."

"Nahodha ulimwambia?"

Shoti akatazama vidole vyake.

"Nakuuliza wewe. Nahodha alikuwa akipita hapa kila siku, mnasalimiana, mnataniana. Ulimwambia?"

"Niliambiwa nisizue taharuki."

"Hukuzua," Inspekta akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Nakupongeza. Taharuki haikuwepo. Ilikuwepo maiti tu."

*

Ofisi ya Bwana Utawala ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya ukumbi wa wagonjwa wa nje. Ili kuifikia ilibidi upite katikati ya watu: akina mama wakijipepea kwa kadi za kliniki, mzee amelala benchini kichwa mapajani mwa binti yake, watoto wametota jasho. Ndani ya ofisi palikuwa na ubaridi wa kupendeza. Feni ya kusimama iligeuza shingo huku na huku kama inayokagua wageni.

Bwana Utawala alikuwa mtu wa adabu. Aliinuka, akawavutia viti, akauliza hali za nyumbani, akawapa soda zilizotoa jasho kwa baridi. Koplo akanywa yake yote. Inspekta alikuwa na kiu tangu gatini. Akapiga mafunda mawili.

"Tukio la kusikitisha sana," Bwana Utawala akasema. "Nimemwandikia baba wa marehemu barua ya pole. Lakini kaulimbiu yetu ni uwajibikaji. Tumenunua betri mpya, za kisasa, maalumu kwa boti. Tumeweka saa ya kuziangalia. Mtu anazimaliza kwa muziki!"

"Betri zilizomo botini ndizo hizo mpya?"

"Ndizo. Stika zake utaziona."

"Nimeziona. Hakuna zilizopelekwa kupimwa ubora?"

Akapepesa macho. "Kupimwa? Nani kasema? Kama ni yule Shoti, Afande, yule ana rundo la betri kuukuu mlangoni kwake. Ningekuwa wewe ningeanzia huko. Si ajabu kaziuza mpya akaweka zake."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu aliyelilaza mdomoni tangu asubuhi. Na lilikuwa neno lenye mashiko: rundo lilikuwepo, ufunguo ulikuwepo, na hakimu yeyote angelisikiliza. Koplo alimtupia Inspekta jicho. Maneno ya Shoti dhidi ya maneno ya Bwana Utawala. Mabati dhidi ya ghorofa. Nani angeaminiwa?

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Chini ukumbini palipanda mguno wa watu wengi kwa pamoja. Muuguzi akaita aletewe tochi chumba cha kufungia vidonda. Mtoto akaanza kulia. Taa ya ofisi ilikuwa imezimika, na ile iliyokuwa kwenye kibao cha mlango nayo imezimika.

Feni ikaendelea kugeuza shingo.

Ilimpepea Koplo, ikampepea Inspekta, ikarudi kwa Bwana Utawala na kuinua kidogo karatasi zilizokuwa mbele yake. Bwana Utawala akanyoosha mkono kwenye kitufe chake haraka, haraka mno.

"Iache," Inspekta akasema.

"Afande, ni..."

"Nimesema iache izunguke."

Akainuka, akashika waya wa feni, akaufuata kwa mkono kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi. Ulipita nyuma ya pazia, ukateremka ukutani, ukaingia katika kabati la chini lililofungwa. Waya mwingine ulitoka humo ukaenda kwenye jokofu dogo pembeni.

"Ufunguo wa kabati."

"Hilo ni kabati la nyaraka za siri za..."

"Koplo."

Koplo hakuhitaji ufunguo. Mlango ule ulikuwa wa mbao laini.

Ndani, kando ya kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, zilikaa betri mbili kubwa, nzito, zenye nguzo za skrubu na nati za masikio. Kwenye pembe ya moja palikuwa na mkwaruzo wa rangi ya buluu, buluu ile ile ya mstari wa boti. Juu ya kila moja palibaki alama ya gundi ya mraba, stika ilipobanduliwa. Inspekta akatoa mita yake, akapima feni na jokofu vikiwa vimewaka. Namba haikusogea. Betri nzima, zenye nguvu zao, zingempumulisha mwalimu wa chekechea mpaka ng'ambo na kurudi.

"Ofisi haiwezi kusimama, Afande," Bwana Utawala alikuwa akisema, adabu imeanza kumchuruzika. "Umeme hapa ni tatizo sugu. Kuna takwimu, kuna kompyuta, kuna wageni wanakuja kutoka juu..."

"Kompyuta iko wapi?"

Akatazama meza yake. Palikuwa na karatasi, simu na chupa ya soda ya Koplo.

"Ilikuwa ni kwa muda tu."

Inspekta akaiangalia ile chupa aliyoshika mkononi. Bado ilikuwa baridi. Akaiweka chini sakafuni, mbali na miguu yake, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha mfu.

"Na tuseme ukweli," Bwana Utawala akaendelea, maana mtu anayezama hushika hata maji, "yule mgonjwa alikuwa mahututi. Huenda angekufa tu. Muulize daktari."

Koplo akazitoa pingu kiunoni.

"Nimemuuliza," Inspekta akasema. "Daktari alisema akifika ng'ambo atapona. Ndiyo maana akampa oksijeni na boti. Maiti havushwi na oksijeni, Bwana." Alisogea mpaka mezani. "Uliambiwa na fundi kwamba zile kuukuu hazimwezi mgonjwa. Ukafunga kisanduku kwa kufuli ili nahodha asione. Ukabandika stika mpya. Mtu alipokufa, ukaketi hapa, kwenye upepo huu huu, ukaandika kwamba mwenye kosa ni yule aliyepasuka viganja akimpigia kasia. Simama."

Simu ya mezani ikaanza kulia. Bwana Utawala akaitazama kama jahazi la kuokoa. "Huyo ni mkubwa wangu. Bora uzungumze naye kwanza, Afande, kabla hujajiletea matatizo."

"Mwache apige. Akichoka ataacha."

Ikalia, ikalia, wakati Koplo akimfunga pingu. Ilikuwa bado inalia walipokuwa wakiteremka naye ngazi, wakapita katikati ya watu waliokuwa wakijipepea kwa kadi. Hakuna aliyejua kilichotokea, lakini walipoona pingu wakanyamaza mmoja mmoja, na mzee wa benchini akajiinua kwa kiwiko apate kuona.

*

Betri zilipigwa picha, zikawekewa alama, kisha Inspekta akaagiza zirudishwe botini. Koplo alinung'unika kwamba ushahidi hautumiki.

"Ushahidi unatunzwa mahali salama," akamwambia. "Nionyeshe mahali salama zaidi kuliko chini ya kile kiti. Leo mgonjwa mwingine akihitaji kuvuka, nimwambie asubiri hukumu?"

Shoti alizifunga mwenyewe, pete kwenye skrubu, chini ya ulinzi. Kesi yake ilikuwa bado inamngoja.

Nahodha aliporudishiwa mkanda na viatu, hakuuliza habari za Bwana Utawala. Aliuliza msiba uko wapi.

"Walizika nikiwa ndani," akasema. "Sijatoa pole."

"Baba yake alikulaani gatini mbele ya watu," Inspekta akamkumbusha. "Usiende peke yako."

Wakaenda pamoja, kwa miguu. Nyumba ilikuwa ndogo, na ubarazani baba wa marehemu, mshona viatu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake cha kazi bila kiatu mkononi. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walimwona nahodha, wakaacha. Mtu mmoja akainuka kwa shari. Inspekta akasimama mbele, akaeleza, kwa sauti ya kumfikia kila mtu: betri zilikuwa za nani, nani alizitoa, zilikutwa wapi, zilikuwa zikiendesha nini. Hakuongeza chumvi, wala hakupunguza.

Nahodha akapiga magoti mbele ya kigoda. "Mzee, nipe pole yangu nikupe," akasema, maneno yakimchanganyikia, akaanza kulia. Mzee akamshika bega. Lilikuwa lile bovu. Nahodha akauma meno, asiutoe mkono wa mzee.

"Wimbo gani?" mzee akauliza. "Muuguzi alisema aliomba wimbo."

Nahodha akautaja. Mzee akatikisa kichwa kuitikia kwamba anaujua. Kisha akamwinulia Inspekta macho, mekundu, makavu.

"Huyo bwana mkubwa. Unasema zilikuwa zinaendesha feni."

"Ndiyo, mzee."

"Alikuwa mgonjwa? Ana pumu naye?"

"Hapana, mzee. Hana pumu."

"Basi alikuwa na nini?"

Inspekta akachutama, macho yake yakawa usawa na ya mzee.

"Joto tu, mzee," akasema. "Alikuwa anasikia joto."